Jikaze

Katika miaka yangu yote ya fiziotherapia, neno nililolisikia likiandamana na maumivu ya hedhi mara nyingi kuliko jina la dawa yoyote ni "jikaze". Mama humwambia binti yake, mwalimu humwambia mwanafunzi, na mwenye chango hujiambia mwenyewe huku amejikunyata kitandani. Kiswahili humsifu mkakamavu na kumbeza mlegevu, kwa hiyo neno hilo hutolewa kwa nia njema kabisa. Hoja ninayoijenga katika sura hii ya maisha yangu ya kazi ni kwamba mwili hulichukua neno hilo kama lilivyo. Anayejikaza kila mwezi hukaza kwelikweli: taya, mabega, tumbo, mapaja, na ile misuli isiyoonekana iliyo chini ya nyonga. Fungu moja la maumivu yake hutokana na kukaza huko, na fungu hilo lina tiba yake ya mikono, pumzi na mazoezi.

Chanzo cha kwanza ni mji wa mimba, na hilo silipingi. Hedhi inapowadia, utando wake hutoa prostaglandini, kemikali zinazoufanya ujikunje ili uusukume utando nje. Zikizidi, mikunjo huwa mikali hadi kubana mishipa ya damu, na msuli uliopungukiwa damu huuma, kama mkono unavyouma ukikunja ngumi ukaing'ang'ania. Ndiyo maana ibuprofeni na dawa za jamii yake, ambazo huzuia prostaglandini zisitengenezwe, hufaa zaidi zikimezwa maumivu yanapoanza kuliko yakishakolea. Kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, hizo ni dawa nzuri za kuanzia. Lakini mji wa mimba haukai peke yake. Chini yake limetandwa tabaka la misuli kama machela, liitwalo sakafu ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na ndilo linalobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Maumivu yakirudi mwezi baada ya mwezi, misuli hiyo huzoea kujihami: hukaza kabla damu haijatoka na hubaki imekaza baada ya damu kukatika. Dalili zake nazijua kwa mpangilio wake: mkojo unaosita kutoka, choo kigumu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kiuno kinachouma hata siku ambazo si za mwezini.

Hapo taaluma yetu yenyewe ilipaswa kujisahihisha. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha mazoezi ya kuimarisha misuli hii kwa wanawake waliovujwa na mkojo, na jina lake likawa sawa na tiba yote ya sakafu ya nyonga. Kwa aliyelegea baada ya kuzaa, ushauri wa kubana ni sahihi. Kwa aliyekwisha kukaza, ushauri uleule ni kumwambia mwenye ngumi akunje zaidi. Huyu tunamfundisha kuachia, na kuachia kuna ufundi wake. Hulala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya kitovu. Huvuta pumzi polepole kwa pua, mkono wa chini unyanyuke kabla ya wa juu. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinaposhuka, sakafu ya nyonga nayo hushuka kidogo kukipisha. Asisukume kama anayekwenda haja, aache tu. Akitoa pumzi, asivute kitu ndani. Zoezi linaonekana jepesi hadi mtu ajaribu kuachia msuli ambao hakujua kwamba ameushikilia. Hufuatia kuchuchumaa kwa kujishikiza, kunyoosha mapaja ya ndani, na kukandwa misuli ya tumbo na matako iliyofunga. Katika pwani yetu hakuna geni hapo: kungwi humfundisha mwari kuzungusha kiuno, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Kilichokosekana ni kuyaunganisha maarifa hayo na siku za mwezini.

Ataniuliza mwenye kupima mambo: ushahidi uko wapi? Ushahidi una ngazi, na sipendi kuuvisha nguo isiyo yake. Kuhusu joto, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kibandiko cha joto kinachovaliwa tumboni kilipunguza maumivu sawasawa na ibuprofeni. Kuhusu mazoezi ya kawaida, mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za tiba, yalikuta kwamba dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki au zaidi, ziwe za nguvu au za taratibu, huenda zikapunguza maumivu kwa takriban alama 25 katika kipimo cha 100, ingawa waandishi wake walikiri kwamba majaribio mengi yalikuwa dhaifu. Kuhusu sakafu ya nyonga yenyewe, jaribio la Bologna, Italia, la 2021 liliwahusu wanawake wachache wenye endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake. Waliopata fiziotherapia waliweza kulegeza misuli vizuri zaidi, na maumivu ya tendo la ndoa yakapungua. Hayo si maumivu ya hedhi, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 kuhusu ugonjwa huo haukupendekeza fiziotherapia mahususi kwa sababu faida zake hazijathibitika. Naukubali mwongozo huo kama ulivyo. Lakini kutothibitika si sawa na kuthibitika kwamba haifai. Tiba ambayo gharama yake ni mkeka, pumzi na taulo la moto inaruhusu kujaribiwa kwa miezi mitatu huku dawa zikiendelea, kisha ihukumiwe kwa hesabu: vidonge vingapi vilimezwa, siku ngapi za shule au kazi zilipotea.

Mapingamizi mazito zaidi ni mawili. La kwanza ni staha: binti hawezi kupimwa ndani, na mzazi hatakubali. Hana haja ya kupimwa ndani. Pumzi, mikao, joto na kukandwa kwa nje hutosha kuanzia, na hata kwa mtu mzima uchunguzi wa ndani hufanywa kwa ridhaa yake, ambayo anaweza kuiondoa wakati wowote. La pili ni hatari ya kuchelewesha ugonjwa, na hili nalipa uzito wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, na wengi hungoja miaka kabla ya kutambuliwa. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yasiyosikia dawa, au yanayokuja wakati wa haja kubwa au wa tendo la ndoa yanahitaji daktari wa wanawake kwanza. Fiziotherapia inayomzuia mgonjwa kufika huko imegeuka kuwa "jikaze" nyingine, yenye koti jeupe.

Kwa upande wa umma, tumepiga hatua katika jambo moja. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wasichana wa shule taulo hizo bure; Tanzania iliiondoa kodi hiyo 2018 na kuirudisha 2019. Mjadala wote huo ulihusu damu. Msichana mwenye taulo safi anayejipinda chini ya dawati bado hajasoma siku hiyo. Anayemfundisha kujikinga na doa anaweza, katika somo lilelile, kumwonyesha mahali pa kuweka mkono chini ya kitovu na namna ya kuachia.