Gunia la Baba na Baiti 14

Nimekulia Kidugala, wilayani Wanging'ombe, na kila msimu wa viazi nilifuatana na baba hadi Makambako kuuza. Baba alihesabu magunia kumi, mnunuzi naye akahesabu kumi. Lakini gunia la mnunuzi lilikuwa lumbesa, limejazwa kichuguu na kufungwa kamba juu, ilhali sheria inataka lisizidi kilo 100. Walikubaliana idadi, hawakukubaliana kipimo. Hasara ilikuwa ya baba.

Mwaka 2013 niliajiriwa na mnunuzi wa mazao hapo hapo Makambako, kazi ya kompyuta. Daftari la wakulima lilikuwa kwenye programu ya Java; meseji za malipo zilitoka kwenye programu ya Python. Hizo mbili hazikusemezana. Kila jioni nilihamisha orodha kwa fleshi, na mkulima aliyepima mzigo asubuhi alipata meseji kesho yake.

Tukaziunganisha kwa soketi: Java inasubiri kwenye poti, Python inabisha hodi. Siku ya kwanza mkulima mwenye gunia 1 akasomeka ana 16,777,216. Java ilituma namba ikianzia baiti yenye uzito mkubwa. Python, kwenye mashine zetu za Intel, ikaisoma ikianzia ndogo. Tuliiambia Python ifuate mpangilio wa Java, yakaisha.

Lililonitesa wiki nzima ni jina la wilaya yetu. Taarifa za Njombe na Makambako zilipita salama; ikifika ya Wanging'ombe, zote zilizofuata zilivurugika. Java ilitanguliza urefu wa neno: 12, yaani herufi 11 na ile alama ya ng'. Alama yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye Word, ile iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 hula baiti 3. Neno zima likawa baiti 14. Python ikasoma 12, ikaishia "Wanging’om". Ile "be" ikabaki njiani, ikasomwa kama mwanzo wa taarifa ya mkulima mwingine.

Hapo nikamkumbuka baba. Java ilihesabu herufi, Python ikahesabu baiti, na zote zilisema 12. Tukakubaliana urefu utajwe kwa baiti.

Baadaye tulihamia HTTP na JSON. Namba sasa husafiri kama maandishi, na urefu huhesabiwa na maktaba za programu zenyewe. Hata hivyo makubaliano hayakwepeki: namba ya simu ikitumwa kama namba ya hesabu badala ya neno, sifuri ya mbele hupotea na meseji haifiki.

Kijana unayeunganisha programu mbili leo, kabla hujafungua poti andika kwenye karatasi kila kitu kinapimwa kwa nini, na pande zote mbili zikubali. Na unapoijaribu kazi yako, usiishie kwenye jina la Njombe. Ijaribu kwa Wanging'ombe.