Root kapanda chombo chetu

Mwenzenu mradi tu ndio unanizungusha.

Kikundi chetu ni watu wanne, laptopu moja ya Ubuntu. Tunachambua kwa Python daftari la mjomba wangu wa Mkwaja, Pangani: miaka sita ya kamba, kilo kwa kilo. Ijumaa usiku, na Jumatatu tunawasilisha, naiambia pip ilete toleo jipya la pandas. Jibu: Permission denied. Jamani, jana si ilikubali?

Hapo usianze kubahatisha, jiulize maswali mawili. Mimi ni nani? Andika whoami. Folda ni ya nani? Andika ls -l. Kumbe folda ya pandas ndani ya venv yetu ilikuwa ya root! Mchana mwenzetu mmoja alikuwa na haraka, akaita pip ya humo humo kwa sudo.

Kwa watu wa pwani hii ni rahisi. Chombo kina mwenyewe, kina mabaharia wake, halafu kuna sisi tuliosimama mchangani. Linux nayo kila faili lina mwenyewe, kikundi na wengine. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Folda ya 755 maana yake mwenyewe ana zote, wengine wanasoma na kupita tu. Root akiunda folda, ni yake. Mnabaki mchangani mkitazama chombo chenu wenyewe.

Kuna watakaokwambia piga chmod 777. Aisee, hiyo ni kuacha chombo bila nanga: yeyote kwenye mashine anaandika, na mwenyewe bado ni root. Sudo pip nayo ina hatari yake, maana baadhi ya moduli huendesha msimbo wakati wa kuwekwa. Unampa mtu usiyemjua funguo za mashine nzima.

Dawa ni mbili. Kama una neno la siri la sudo, rudisha umiliki:

sudo chown -R $USER: venv

Kama huna, kwa mfano mashine za maabara, iache hiyo, tengeneza nyingine:

python3 -m venv mpya
source mpya/bin/activate
pip install -r requirements.txt

Ndiyo maana requirements.txt itunzwe kama cheti cha form four. Sisi ilitubidi tuchange bando, lakini usiku ule ule daftari la mjomba likasomeka.

Na ukiona externally-managed-environment, usiogope. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip haigusi folda za mfumo, inakutaka utumie venv. Mashine haijaharibika, inajilinda.

Kwenye kikundi chenu wekeni sheria moja: ndani ya venv, sudo marufuku. Haya, nani keshakutana na hili? Tupeane ujuzi.