Jiwe la Baharini Lenye Hesabu ya Mashamba Yetu

Watu wengi wa huku kwetu Magarini, ingawa twasikia mvumo wa bahari tangu utoto, hatujapata kuitazama ndani yake. Wavuvi wa Mambrui na Ngomeni wameiona, bila shaka. Lakini sisi tulio wakulima na makarani huitazama bahari kama mtu atazamavyo nyumba ya jirani tajiri: paa na ukuta twaviona, na yaliyomo twayasikia kwa watumishi. Zile mashua zenye sakafu ya kioo zilizoko Malindi husemwa kuwa ni mambo ya wageni wa mahoteli, na mtu wa kwetu akizitaja huulizwa kama ameshinda bahati nasibu.

Mwezi wa Septemba uliopita watu kumi wa ofisi yetu tulichanga fedha kwa miezi minne, tukakodi mashua ya siku nzima. Safari ilikuwa ya kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Malindi, kisha kushuka kusini mpaka kisiwa cha ndege kilichoko mlangoni mwa Mida. Niliyoyaona yanawahusu hata wasiopenda kulowa maji, na hasa wenye jembe. Kwa hiyo nimeona vema kuyaandika.

Tuliondoka Gongoni kabla ya jua kuchomoza. Tulipofika daraja la Sabaki dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe, tukapata nafasi ya kuutazama mto. Haukuwa msimu wa mvua, hata hivyo maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Miongoni mwetu alikuwako ndugu mmoja, Mkamba wa Yatta, aliyehamishiwa huku miaka mitatu iliyopita. Akatwambia, "Mto huu ni wetu. Huko kwetu waitwa Athi." Akajibiwa na mwenzetu mmoja kwamba kama ni wao basi na wauchukue pamoja na viboko wake, maana wamemaliza mpunga wa watu. Tulicheka. Lakini alisema kweli: mto ni mmoja. Huanza upande wa kusini wa Nairobi kwa jina la Athi, ukipokea maji ya Tsavo huwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki.

Saa tatu tulikuwa Casuarina, mahali zinapongojea mashua. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu wa maneno. Aliuliza ni wangapi wasiojua kuogelea. Mikono saba ikainuka. Akatugawia jaketi za kuelea na kutusomea masharti: hapana kukanyaga matumbawe, hapana kuokota kombe wala simbi, hapana kuwatupia samaki mkate. Sharti hili la mwisho lilimhuzunisha mtunza hazina wetu, ambaye alikuwa amenunua mikate miwili kwa shughuli hiyo. Tuliila sisi wenyewe.

Maji yalikuwa yamekupwa, na kusi lilikuwa limelegea. Nahodha alitueleza kwamba wakati wa kaskazi mkondo huyaleta maji ya Sabaki upande wa Malindi, hata bahari ikaonekana kama kisima kilichotibuliwa. Wakati wa kusi huyasukuma kaskazini, kwetu Mambrui na Ngomeni. Kwa sababu hiyo siku ile tuliweza kuona vizuri. Kupitia kioo tuliwaona pono wakiyatafuna matumbawe, na kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, baadhi yetu waliapa kuwa walizisikia sauti za meno yao. Tuliwaona tasi, changu, vipepeo wa baharini wa rangi ya manjano, na mkunga mmoja aliyetoa kichwa katika tundu lake kama mlinzi wa ghala.

Ndipo nikavaa miwani ya maji, nikauma mrija wa kupumulia, nikashuka. Sitawachosha wasomaji kwa kusifu. Kila aliyekwenda husifu. Nitasema jambo moja tu, kwamba mtu akilala juu ya maji na masikio yake yakiwa chini, husikia mlio mwembamba usiokatika, kama kuni mbichi zinazoungua mbali. Ni sauti ya viumbe wa mwambani wakifanya kazi zao. Sikuwa nimeambiwa kuwa bahari ina kelele.

Matumbawe si mawe tu, wala si mimea. Ni wanyama wadogo sana, kila mmoja akijijengea kijumba cha chokaa juu ya kijumba cha aliyemtangulia. Mawe yaliyojengea Gedi na misikiti ya kale ya pwani yetu yalikuwa kazi ya wanyama hao. Wako wa namna nyingi. Wale wenye matawi kama pembe za paa hukua upesi na kufa upesi. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, wengi wao walipauka wakawa weupe, kisha wakafa, hapa Malindi na katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi upande wetu. Vifusi vyao vyaonekana bado. Wengine hujenga jiwe la duara, zito, lisilo na urembo wowote. Hawa hukua polepole, yapata sentimita moja kwa mwaka au kuzidi kidogo, nao ni wavumilivu.

Nahodha alitupeleka juu ya jiwe moja la namna hiyo, kubwa kama tangi la maji la shule. Akasema, "Huyu ana umri kumpita babu wa babu yako. Naye ni karani kama ninyi."

Tulidhani ni mzaha. Akatueleza kwamba jiwe la duara huongeza tabaka moja kila mwaka, kama mti uongezavyo duara shinani, na kwamba wataalamu walipata kutoboa jiwe la namna hiyo hapa Malindi na kuzisoma tabaka zake. Habari hizo alizisikia katika mikutano ya wenye mashua. Niliporudi nilizitafuta, nikazikuta ni kweli: zilichapishwa mwaka 2007. Jiwe lenyewe lilikuwa na umri wa yapata miaka 300. Udongo wa mtoni huja umebeba madini yaitwayo bariamu. Ukikutana na maji ya chumvi, madini hayo huachiliwa, na mnyama wa tumbawe huyaingiza katika chokaa ya nyumba yake bila kukusudia. Basi mwaka wa udongo mwingi huacha alama nzito, na mwaka wa udongo haba huacha alama hafifu. Wataalamu walipozipima tabaka moja moja waliona kwamba tangu 1700 hadi 1900 udongo wa Sabaki haukubadilika sana. Kuanzia kama mwaka 1900 hesabu ikaanza kupanda, na ikaendelea kupanda, nao wakaeleza kuwa sababu yake ni jinsi ardhi ya bara ilivyotumiwa.

Nimefanya kazi ya majalada kwa miaka kumi na miwili. Najua jalada hupotea, huliwa na mchwa, na pengine huandikwa upya na mtu mwenye haja yake. Nilipofikiri kwamba liko daftari chini ya maji lililoandikwa mwaka kwa mwaka tangu kabla ya reli kujengwa, wala hapana mtu awezaye kulifuta, nilipata hofu kidogo.

Juu ya mashua mazungumzo yakawa makali. Nahodha alimwambia yule ndugu wa Yatta, kwa upole, "Kwa hiyo, bwana, udongo huu watoka kwenu."

Mwenzetu hakukasirika. Alijibu, "Mzee, udongo huo ulikuwa chakula chetu. Anayeupoteza ndiye anayelala na njaa kwanza." Kisha akaeleza mambo ambayo vijana wengi hawayajui. Katika miaka ya 1930 watu wa Ukambani walikuwa wamebanwa katika maeneo yaliyotengwa, mifugo na watu juu ya vilima vichache, na ardhi ikaanza kupasuka makorongo. Serikali ya wakati ule ikaona dawa ni kuwanyang'anya ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kulalamika, wakakaa huko mpaka wakasikilizwa. Baadaye yakaja matuta ya amri. "Babu yangu alichimba matuta kwa kusimamiwa," alisema, "akayachukia. Baba yangu aliyachimba kwa hiari yake, kwa sababu aliona mahindi yalipostawi." Kiko kitabu cha mwaka 1994 kilichochunguza Machakos, nacho chathibitisha maneno yake: watu waliongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko katika mashamba yao ukapungua.

Basi mbona mto ungali mwekundu? Hapo kila mtu alitoa jawabu lake. Bonde la Athi ni pana sana. Yako mashamba makubwa, yako malisho makavu, zipo barabara zisizo na mifereji, na mchanga huchotwa mitoni kwa malori. Wala sisi wa chini hatuna mikono safi. Baba yangu mdogo analima ukingoni mwa Sabaki, mahindi yake yakisimama hatua tatu kutoka majini. Maofisa wa kilimo wamemkataza. Yeye huwauliza kama wamepata kulima mahali pengine Magarini bila mvua, na wao hunyamaza, kwa sababu ndipo penye unyevu. Mimi nami nimekwisha kula mahindi hayo, na ni matamu. Nayasema haya ili mtu asidhani kuwa jambo hili lamalizwa kwa kumnyoshea kidole Mkamba.

Niliuliza kama watu wa hapa waliipenda hifadhi. Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Nahodha alitazama maji kitambo. "Marehemu baba alivua hapa ulipokuwa ukiogelea. Alipokatazwa alikasirika, akafa na hasira yake. Mimi nasomesha watoto kwa bustani hii hii. Yote mawili ni kweli." Akawasha injini.

Tukashuka kusini, tukaiacha Mayungu kuume. Nje ya mwamba palikuwa na mawimbi, na mtunza hazina aliirudishia bahari mikate yake, kinyume cha masharti. Yapata saa saba tulifika mlango wa Mida, kilipo kile kisiwa kiitwacho cha Nyangumi. Ni jiwe tupu la matumbawe ya kale, lililoliwa na mawimbi chini hata likafanana na uyoga. Juu yake palikuwa na membe wengi wakipiga kelele kama soko. Kusi ndio wakati wao wa kuzaa. Wako weupe ambao kifua hupata wekundu hafifu kama wa waridi, na wako wenye mgongo wa giza na mstari mweupe juu ya jicho.

Wenzetu walitaka kushuka wapige picha. Nahodha alikataa, akasimamisha mashua mbali. Membe, alisema, hutaga juu ya jiwe bila kiota cha maana. Mama akirushwa, yai au kifaranga huachwa juani, na jua la juu ya jiwe laua upesi. Tulikaa pale nusu saa. Niliwaona wakijitupa majini kama mawe na kutoka na visamaki vyembamba midomoni, wakiwapelekea makinda yaliyokuwa yamekaribia kuruka. Ndege huyu huvua kwa macho. Maji yakichafuka, akili yake yote haimfai kitu.

Tulikula ndani ya Mida, kando ya mikoko: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Juu ya tope walikuwapo wale ndege weusi kwa weupe wenye mdomo mnene, walao kaa, ambao huenda kuzaa katika fukwe za Arabuni kisha wakaja kukaa kwetu kwa maelfu ya maili kwa ajili ya kaa tu. Mida haina mto mkubwa unaoingia, na mikoko yake hulizuia tope kwa mizizi, ndiyo maana matumbawe ya Watamu hayapati taabu ile ile ya Malindi.

Yule ndugu wa Yatta alimwandikia kaka yake kwa simu habari za jiwe lile. Jibu lilikuja siku ya tatu: kama matuta ya Yatta yawafaa wavuvi wa Malindi na wenye mahoteli, je, wako tayari kuchangia gharama ya kuyachimba? Ofisini tulilijadili swali hilo juma zima. Nami nililipeleka kwa nahodha. Akajibu kwamba mahoteli hawezi kuyasemea, lakini mwenye matuta akifika Malindi atapanda mashua yake bila nauli, ila mafuta ya injini watagawana.