Kabla Gari Halijafika

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Kabianga, kaunti ya Kericho. Huku kwetu mgonjwa wa dharura huletwa kwa boda boda, kwa pikapu ya kubebea majani chai, au mgongoni mwa ndugu yake. Sikuwa mtu wa kuamini vyama vya wataalamu. Chama cha madaktari nilichokijua ni kile cha mgomo wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 ukaisha Machi 2017. Mishahara ni haki yao, sina ugomvi. Ila nilidhani kazi ya chama huishia hapo.

Aliyenigeuza ni mwenzetu, afisa wa kliniki, aliyerudi kutoka mafunzoni na kijitabu cha miongozo ya dharura. Kilikuwa kimetolewa na Emergency Medicine Kenya Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2015. Anayeiongoza, Daktari Benjamin Wachira, alikwenda kusomea ubingwa wa dharura Afrika Kusini, kwa sababu hapa nchini haukuwa ukifundishwa. Baraza la madaktari liliitambua fani hiyo kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2017. Wenzetu wa Tanzania walikuwa wametutangulia: Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na mabingwa wao wana chama chao, EMAT.

Nilikisoma kijitabu kile usiku, zamu ikiwa kimya. Sikukuta dawa ngeni. Nilichokuta ni utaratibu: njia ya hewa kwanza, kisha pumzi, kisha damu, kisha fahamu, halafu mvue mgonjwa nguo umkague mwili mzima. Mnapoletewa majeruhi wengi, yule aliyenyamaza hutazamwa kabla ya yule anayepiga kelele. Mtu aweza kufanya kazi miaka mingi, na kwa bidii, bila kuambiwa hayo kwa mpangilio.

Haikuchukua muda, mchumaji chai akaletwa akiwa ameumwa na nyuki. Uso ulikuwa umevimba, sauti imekauka, kifua kinapiga mluzi. Mazoea yetu kwa mgonjwa kama huyo yalikuwa sindano ya haidrokotisoni, Piritoni, kisha barua ya rufaa. Mama mkwe wake alikuwa ameshaanza kufunga shuka. “Daktari, tuandikie barua twende Kericho,” akasema (huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari). Nikamwambia, “Ngoja kidogo, mama.” Kijitabu kinasema adrenalini ndiyo ya kwanza, na huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje; kwa mtu mzima, nusu miligramu. Hizo nyingine hufuata baadaye. Adrenalini ilikuwa kabatini siku zote, tukiiogopa kama kitu cha watu wa chumba cha upasuaji. Nilimchoma. Gari la kiwanda cha chai lilipofika, mgonjwa alikuwa akizungumza na kuulizia kikapu chake. Hata hivyo tulimpeleka hospitali ya rufaa, maana hali ile yaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba matibabu ya dharura huanzia mjini.

Sheria tunayo. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Oktoba 2015, Katiba hiyo ikiwa na miaka mitano, mgonjwa mmoja, Alex Madaga, alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Mimi mwenyewe nimewahi kumsindikiza kijana wa boda boda hadi hospitali moja, tukaulizwa amana kabla mtu yeyote hajamshika mkono apime mpigo wa damu. Katiba haiwezi kumwonyesha muuguzi mahali pa kuchoma sindano, wala kumwambia karani wa mapokezi nani hafai kungoja. Wa kuyaeleza hayo ni wenye taaluma, tena wakiwa wamekaa pamoja na kukubaliana, ili mwongozo wa Nairobi na wa Kabianga uwe mmoja. Sera ya taifa ya huduma za dharura ya 2020 hadi 2030 ipo, na sheria ya bima ya afya ya 2023 imeunda mfuko wa kulipia dharura. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha hayo chini.

Kaunti hii inajua gharama ya kuchelewa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia watu na magari katika makutano ya Londiani, wakafa zaidi ya watu 50. Ajali ya namna hiyo hupokelewa na watu wa hapa hapa kabla bingwa yeyote hajapigiwa simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabingwa wa dharura na kwa serikali ya kaunti ni hili: mafunzo yasiishie hospitali za rufaa, yashuke hadi zahanati. Na wewe msomaji, ukipita zahanati ya kwenu, uliza kama kabatini kuna adrenalini ambayo muda wake haujapita.