Mafuta Kwanza: Shajara ya AG100, Panzi, Bukavu

Ijumaa, 8 Machi 2019

Silinda imerudi kutoka Kadutu kwa fundi mwenye mashine ya kualeza, yaani kupanua tundu lake. Nimeingiza pistoni mpya bila ringi, ile ya nusu milimita zaidi ya kipimo cha kiwandani, nikapima nafasi kwa vibati vyembamba kutoka juu hadi chini. Haibani popote wala haichezi. Kazi safi, nimemtumia fundi pesa zake pamoja na salamu.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100: moteri ya mipigo miwili, sentimita za ujazo 97, breki za ngoma, mnyororo uliofunikwa wote, keria mbele na nyuma. Iliundwa kwa ajili ya wakulima, na ndiyo maana mashirika na zone za afya ziliipenda: tope la milimani halifikii mnyororo, na moteri inafunguka kwa funguo chache. Mimi nimezungukia nayo mashamba ya mihogo ya Walungu na Kabare nilipokuwa agronomu. Sasa itakuwa ya binti yangu. Leo amerudi kutoka defile ya wanawake na kitenge chake cha 8 Machi, akainama juu ya beseni la vipuri.

"Papa, inabakia nini?"

"Mafuta."

Hakuridhika na jibu hilo fupi, lakini ndilo jibu lenyewe. Kituo chake cha afya kiko upande wa Kamanyola. Kila atakapokwenda atateremka mlima wa Ngomo, na moteri ikikosa mafuta ikashika kwenye kona zake, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Kijana fundi wa jirani amekuja kunisaidia kufunga kichwa cha silinda. Ana mikono mizuri: anakaza nati kimsalaba, kidogo kidogo, bila haraka. Tulipofika kwenye pampu ya mafuta akasita.

"Mzee, hii pompi tuikate. Tuzibe tundu, mafuta tuchanganye na esansi ndani ya tangi. Watu wanafanya vile."

Ninaelewa anakotoka. Pikipiki za teksi anazotengeneza kila siku ni za mipigo minne, TVS na ndugu zake. Mafuta yao yamekaa chini ya moteri, yanapanda, yanalainisha, yanarudi. AG haiishi hivyo. Mafuta yake huingia pamoja na hewa na esansi, hupita mara moja tu kwenye beringi za krenki na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka kwa moshi. Hata yale ya giaboksi, yaliyo kando tu, hayafiki huko. Kisichoingia dakika hii hakipo.

Kuchanganya kwa mkono si dhambi. Misumeno ya kukatia miti inaishi hivyo miaka yote. Lakini fikiria mteremko. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Nyangezi, inapanda Ngomo, kisha inatumbukia hadi uwanda wa Ruzizi. Anayeteremka hufunga aksele na kuiacha gia imzuie. Moteri inazunguka kwa kasi kubwa huku karbureta ikipitisha esansi kidogo sana, na kama mafuta yamo ndani ya esansi hiyo, nayo yanapita kidogo vilevile. Pistoni inakauka hasa pale inapokimbia. Pampu haingoji esansi, inasukumwa na moteri yenyewe: aksele ikifungwa bado inatoa kile kiwango chake cha chini kabisa, na kadiri moteri inavyozunguka ndivyo inavyozidi kutoa.

Na kuna jambo la binadamu. Binti yangu atanunua esansi kwa makadhafi, wauzaji wa barabarani, katika chupa, jioni, amechoka na chanjo za siku nzima. Nisimpe tena kazi ya kukadiria mafuta kwa jicho.

Kijana alinyamaza, akaitazama pampu. "Basi, Mzee, unionyeshe." Nimefurahi sana kwa neno hilo.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya misa nimekaa barazani na pampu mkononi. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani yake mna kijiti kinachozungushwa na gia ya moteri na kupiga kwenda na kurudi. Urefu wa pigo lake unafuata waya unaovutwa pamoja na aksele. Yamaha waliuza pikipiki yao ya kwanza yenye mfumo huu, YA6, mwaka 1964. Wazo lilikuwa lilelile: mwenye chombo asihesabu mafuta kila anapojaza tangi. Hata zile mashine za kuendeshea juu ya theluji huko Kanada, za mipigo miwili, hubeba pampu ya namna hii, na mafundi wa baridi ile wana hofu moja na sisi: hewa.

Pampu inasukuma matone. Povu likiingia kwenye mpira wake, kijiti kinalibana, linajikunja, linajinyosha tena, na mafuta hayasogei. Hakuna sauti, hakuna taa. Moteri itawaka vizuri, itanguruma vizuri, na pistoni mpya yenye ringi ambazo hazijazoeana na ukuta itapanda joto, itanenepa kuliko silinda, itashika. Kazi yote ya Kadutu itakuwa imekwenda bure kabla ya kufika mwisho wa mtaa.

Jumanne, 12 Machi

Leo ndiyo kazi yenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, tukatoa kila kitu uani kabla mvua ya alasiri haijafika.

Mpira wa kutoka tangi dogo la mafuta hadi kwenye pampu nimeweka mpya. Wa zamani ulikuwa mgumu na hauonyeshi kitu ndani. Nimesafisha chujio la tangi, nikajaza 2T, mafuta ya mipigo miwili. Kisha nimelegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, kitambaa chini yake, tukangoja. Asubuhi za Bukavu ni baridi na mafuta yanakwenda kwa kujivuta. Yalitoka kwanza mapovu, yakatoka mafuta yenye mapovu, yakatoka mafuta matupu. Kijana alitaka kufunga. Nikamwambia aache, agonge mpira kwa kidole. Povu kubwa lililokuwa limejibanza kwenye kona likatoka. Hapo tukafunga, kwa nguvu ya vidole viwili tu, maana uzi ule ni wa aluminiamu.

Mpira mwembamba wa kutoka pampu kwenda mlango wa silinda ndio wenye hila. Kwa kiki pekee unaweza kupiga hadi mguu ukafa ganzi, pampu ikiwa imesukuma urefu wa ukucha. Binti yangu akaleta sirinji mpya kutoka kwenye sanduku lake. Akavuta mafuta, akaisimamisha, akaigonga, akasukuma hewa nje mpaka tone likaonekana kwenye ncha, yote bila kufikiri, ndivyo anavyofanya kabla ya kumchoma mtoto. Akaujaza mpira wote pasipo povu hata moja. Kijana akamtazama kwa heshima mpya.

Kabla ya kuufunga nimepuliza vali ndogo ya mwisho wa mpira: inapitisha upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote, pikipiki ikilala usiku mafuta yanateremkia ndani ya nyumba ya krenki.

Mwisho tumetoa buji, nikavuta waya wa pampu kwa mkono hadi mwisho, kijana akapiga kiki kwa utulivu. Pale mlangoni likasimama tone, likaanguka, likasimama jingine.

Alhamisi, 14 Machi

Jana mvua siku nzima.

Leo tumeiwasha. Kwenye tangi la esansi nimetia lita moja iliyochanganywa na mililita 20 za 2T, yaani moja kwa hamsini, juu ya yale ya pampu. Ni ulinzi wa mwanzo tu, mpaka nijiridhishe kwa macho. Iliitika kwa kiki. Nikashikilia waya wa pampu ukiwa umevutwa wote, moteri ikizunguka polepole, macho yetu sote kwenye mpira mwembamba. Povu dogo lilitokea, likasafiri, likaingia mlangoni, halikufuatwa na jingine. Moshi ulikuwa mwingi, mweupe, wenye harufu. Mama wa jirani akafunga dirisha, nikamwomba radhi. Tukazima, ikapoa kabisa, tukawasha tena.

Nimebandika utepe kwenye tangi la 2T, pale mafuta yalipofika.

Jumapili, 17 Machi

Nimeizungusha bila kuikaza, Panzi, Nyawera, hadi Muhumba na kurudi, nikibadilisha mwendo kila mara ili ringi zizoee. Lita ile ya mchanganyiko imekwisha, sasa inakula esansi tupu. Mafuta yameshuka chini ya utepe. Nimefungua buji: rangi ya kahawia, unyevu kidogo, hakuna chembe za chuma.

Nimemwambia binti yangu kwa wiki ya kwanza aishie Nyangezi, asiteremke Ngomo, na kila asubuhi atazame tangi la 2T kabla ya kugusa kiki. Chupa ya akiba imo kwenye mfuko wa keria. Kesho nabadilisha viatu vya breki ya nyuma. Vilivyopo vingenitosha mimi mjini, kwa mteremko ule havitoshi.