Daftari la Mchungaji na Jedwali Langu

Baba mdogo wangu ni mchungaji wa Kilutheri hapa Kisangani. Ushirika wake ni mdogo. Katika eneo letu Wabaptisti walitangulia zamani sana, na makao makuu ya Kanisa la Kilutheri la nchi yetu yako mbali, Lubumbashi. Kazi nyingi anazifanya peke yake: anahubiri, anabatiza, anazika, anaandika barua. Tangu alipopewa kompyuta ya mtumba miaka minne iliyopita, amekuwa pia fundi wa kompyuta. Nataka kusimulia jinsi nilivyomsaidia katika kazi hiyo, na jinsi msaada wangu ulivyomletea mama mmoja hasara. Ninaandika katika jarida hili kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa kosa la mwanafunzi wa isimu.

Kwanza mjue jinsi anavyoishi na mashine zake. Umeme ukija saa nne za usiku, baba mdogo anaamka, anachomeka kompyuta, anachomeka simu, kisha anakaa kuandika mahubiri kwa vidole viwili. Usipokuja, anabeba kompyuta begani na kupanda toleka hadi kwa kijana mwenye jenereta, ambaye anamtoza kwa saa. Barua za kanisa zinamfikia kwenye simu zikiwa picha za karatasi, tena mara nyingine zimepigwa upande, naye anazisoma akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja simu ilizimika katikati ya mahubiri. Akasimama kimya kidogo, akafunga Biblia, akasema, «Tuimbe.» Tangu siku hiyo anapeleka mahubiri yake kuchapishwa kwenye vibanda vya barabarani, na flashi yake inarudi na virusi karibu kila mara.

Simu yake imepangwa kwa Kifaransa. Kila anapoandika Kiswahili, simu inadhani amekosea, inamsahihisha. Jumapili moja aliwatumia waumini salamu, na neno «Yesu» likageuka «yeux», yaani macho. Ujumbe ukafika ukisema Macho awabariki wote. Mzee mmoja wa kanisa akajibu, «Amina, Pasta, na wewe pia.» Tulicheka kwa siku mbili. Baba mdogo mwenyewe hakukasirika. Alisema tu, kwa Kiswahili chetu cha hapa, «Hii masini inajua kuandika, lakini haijue bantu.»

Mwaka jana aliniomba kazi kubwa zaidi. Ushirika una madaftari manne ya ubatizo, ndoa na maziko. Yanakaa ndani ya sanduku la chuma, lile tunaloliita kantini, na unyevu wa mji huu ulikuwa umeanza kuyala pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa ameshayaingiza yote kwenye jedwali la kompyuta, kwa miezi mingi, jina moja baada ya jingine. Alichotaka kwangu ni kuliangalia lile jedwali. Maneno yake yalikuwa, «Angalia kama nimekosea.»

Nilikuta mambo ambayo mwanafunzi yeyote wa idara yetu angeyaona mara moja. Jina lile lile lilikuwa limeandikwa Shabani, Chabani na Shabany. Kulikuwa na Saidi na Saïdi, Asani na Assani, Yusufu na Yousouf. Sababu zake tunazijua. Karani aliyesomea Kifaransa anasikia sauti ya mwanzo ya Shabani na mkono wake unaandika «ch». Mwingine anafuata tahajia ya wamisionari. Mwingine anaandika anavyoona vizuri. Hata mkoa wetu unaitwa Tshopo kwa herufi ambazo Mswahili wa pwani hangeziweka pamoja. Kompyuta haijui lolote katika hayo. Kwake, Shabani na Chabani ni watu wawili. Ukitafuta mmoja, haikupi mwingine.

Nikaamua kusafisha. Kwa kila jina nilichagua umbo moja, nikabonyeza kitufe kinachobadilisha yote kwa mpigo. Ningeishia hapo, madhara yangekuwa kiasi. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa Kiswahili sanifu, na alama zilikuwa nzuri. Asani nikamgeuza Hassani. Ramazani nikamgeuza Ramadhani, kwa kuwa sanifu inataka «dh». Nikahifadhi faili juu ya lile la zamani. Kazi iliyomchukua baba mdogo miezi niliibadilisha kwa mchana mmoja, nikajisikia nimelitumikia kanisa.

Hapa lazima niwakumbushe jambo tulilofundishwa sote, na ambalo nililiandika mimi mwenyewe katika mtihani ule. Kiswahili kilipanda hadi maporomoko ya Boyoma pamoja na misafara ya Tippu Tip, kabla kusanifiwa hakujawaziwa. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliegemea Kiunguja, na wanachama wake walikuwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Huku kwetu «dh» ilikuwa «z», na «h» ya mwanzo ilidondoka katika maneno mengi. Ramazani kwa hiyo halikuwa kosa la tahajia. Ni jina kamili, lenye historia yake katika mji huu, na linabebwa na familia nyingi za Kikristo ambazo hazikumbuki tena kwamba chanzo chake ni mwezi wa mfungo. Nilipata alama kwa kueleza hayo. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta nikafanya kinyume chake.

Miezi michache baadaye alikuja mama mjane. Jina la familia yake la kweli siliandiki hapa. Tuseme ni Ramazani, maana mkasa ni ule ule. Mume wake aliuawa na kombora nyumbani kwao kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku 6 ndani ya mji wetu. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Vita hiyo naijua kwa matundu ya kuta na kwa namna wazee wanavyonyamaza ikitajwa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Tangu hapo wenye marehemu wanatafuta karatasi: ya ndoa, ya kuzaliwa, ya maziko. Wengi hawana, kwa sababu nyumba iliyoungua iliungua na karatasi zake. Wanakuja kanisani.

Baba mdogo alimchapishia cheti kutoka kwenye jedwali langu. Umeme ulikuwa umekuja usiku, macho yalikuwa yamechoka, akapiga muhuri na kutia sahihi. Mama akakipeleka cheti kwenye ofisi moja. Huko wakakiweka kando ya kadi yake ya mpiga kura na karatasi nyingine za familia, wakamrudishia faili lote. Majina hayalingani, walisema. Huyu si mtu mmoja. Sitawalaumu. Walifanya kama kompyuta inavyofanya, na karatasi iliyokuwa na kosa ilikuwa yetu.

Alirudi kwetu baada ya wiki mbili, jioni. Hakupiga kelele. Alikaa, akakubali maji, akakunjua cheti juu ya meza, akaweka kidole kwenye jina.

«Pasta,» alisema, «bwana yangu alikufaka Ramazani. Huyu Ramadhani ni nani?»

Baba mdogo alivaa miwani, akasoma, kisha akanitazama. Nilimweleza yote mbele ya yule mama, na maelezo yangu yote ya «dh» na «z» yalikuwa kweli, na hayakumfaa mtu yeyote pale mezani. Simu ilikuwa imegeuza jina la Bwana kuwa macho, tukacheka. Mimi nilikuwa nimegeuza majina ya watu zaidi ya 200, wengine wakiwa kaburini, na hakuna aliyeniona.

Faili la zamani halikuwapo tena. Nilikuwa nimeliandikia juu, na nakala ya kwenye flashi ilikuwa imeshaliwa na virusi. Yalibaki madaftari ya kwenye kantini. Kwa wiki tatu, kila jioni, baba mdogo alisoma kwa sauti nami nikaandika, herufi kwa herufi, kama mkono wa kwanza ulivyoandika. Kazi ilikwenda polepole kwa sababu hakusoma majina tu. Alisema huyu alikuwa fundi baiskeli, huyu alihamia Lubunga, huyu na yule wa ukurasa wa nyuma ni mtu mmoja, alibatizwa kwa jina moja akaoa kwa jingine. Ndipo nikaelewa jedwali lake la kwanza lilikuwa na nini. Zile tahajia tatu za Shabani zilikuwa familia tatu, na kila familia ilikuwa na kadi, diploma na misalaba ya makaburini iliyoandikwa hivyo.

Lakini swali la kompyuta lilibaki. Tutawatafutaje watu ambao majina yao yanaandikwa kwa njia nyingi? Jibu lilitoka kwa baba mdogo, ambaye mama yake ni Mlokele. Katika darasa letu tunamsoma John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyeandika juu ya ngoma zisemazo za Walokele katika kitabu cha mwaka 1949. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na kwa hiyo maneno mengi yanafanana. Mpigaji hujikinga kwa kurefusha: hapigi neno «mwezi» peke yake, hupiga mwezi unaotazama chini duniani. Na mtu haitwi kwa jina moja. Jina lake la ngoma hufuatwa na jina la baba na kijiji cha mama. Nilikuwa nimeyasoma hayo kama mfano wa toni. Baba mdogo aliyajua kama jambo la kawaida la nyumbani. Akasema, «Weka na baba yake, weka na kijiji cha mama. Utaona kama atapotea.»

Jedwali sasa lina safu hizi: jina kama lilivyo kwenye daftari, jina kama linavyotamkwa nyumbani, tahajia nyingine zilizomo kwenye karatasi za familia, baba, kijiji cha mama. Umbo la sanifu nimeliweka pia, safu ya mwisho kabisa, ili kompyuta ipate pa kutafutia. Halichapishwi kwenye cheti chochote. Nakala ziko tatu, moja ikiwa kwa mzee wa kanisa anayekaa Makiso, na madaftari tumeyafunga kwa nailoni kabla ya kuyarudisha kwenye kantini.

Yule mama tulimwandikia cheti kipya pamoja na barua inayoeleza kwamba kosa lilikuwa la ushirika. Nilimsindikiza mwenyewe. Faili limepokelewa, jibu bado. Nauli ya safari zake za kwanza nilitaka kumrudishia, akakataa, akaniambia nisome vizuri.

Jumapili iliyopita kulikuwa na ubatizo. Baba mdogo alimpa mama wa mtoto kipande cha karatasi na kalamu, akamwomba aandike jina la mwanawe yeye mwenyewe. Mama akaandika, akakata herufi moja, akafikiri, akairudisha. Baba mdogo alisubiri. Usiku umeme ulipokuja, alinakili jina lile kwenye jedwali kwa vidole viwili, karatasi ikiwa imeegemezwa kwenye kioo cha kompyuta. Mstari mwekundu ukatokea chini ya jina. Akauacha hapo.