Mayowe Chumbani

Kanisani kwetu mtu akipaza sauti hakuna anayegeuka kumtazama. Usiku wa kesha, ikishafika saa nane, mama hukemea mapepo mpaka sauti inamkauka, na asubuhi ananiita chai kwa kunong'ona. Lakini siku aliponikuta chumbani nikipiga mayowe na gitaa mkononi, alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hayo ni maombi ama ndiyo mapepo yenyewe?"

Sikuwa na jibu.

Aliyeniponza ni Lacey Sturm, mwimbaji wa Texas. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Flyleaf, ilitoka mwaka 2005. Mimi niliipata miaka mingi baadaye kwenye flashi ya rafiki. Anaimba taratibu kama anayebembeleza mtoto, halafu ghafla anapasuka. Nilidhani ni hasira tu. Kisha nikasoma kitabu chake cha mwaka 2014, The Reason. Anasimulia kwamba akiwa na miaka 16 hakuamini kuna Mungu, na alikuwa ameamua kujiua. Bibi yake akamlazimisha kwenda kanisani. Alikwenda shingo upande, akarudi ameamini. Basi yale mayowe niliyasikia upya: ni ya mtu aliyefika ukingoni akarudishwa.

Mimi nami nilikuwa na yangu. Tangu tumzike baba, nyimbo za ushindi zilikuwa zinanikwama. Jumapili nasimama na wenzangu wa sifa, natabasamu, lakini ndani kuna kitu ambacho hakina maneno.

Wiki ya kwanza nilipiga mayowe kwa koo. Nilikohoa mpaka machozi, sauti ikapotea siku tatu, na Jumapili nikachezesha midomo tu. Ndipo nikatafuta mafunzo, nikaelewa kosa langu. Kooni kuna jozi mbili za mikunjo: nyuzi za sauti zenyewe, na juu yake nyingine ambazo walimu huziita nyuzi za uongo. Ule mkwaruzo, kwa mtindo niliojifunza, unatoka kwenye zile za juu. Za chini usizisage. Pumzi inasukumwa na tumbo, shingo inabaki laini, na sauti yenyewe si kubwa vile. Maikrofoni ndiyo inaikuza. Ukisikia maumivu, acha papo hapo.

Kilichonisumbua zaidi ni kulegeza koo wakati moyo wote umekaza. Ilinichukua miezi. Jioni moja ikatoka safi, bila kuchoma, nikakaa kitandani nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia baba tangu mazishi.

Nilimweleza mama hayo yote. Nikamkumbusha kwamba hata Yesu msalabani alipaza sauti akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha, na hakuna anayesema yale yalikuwa mapepo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema muziki wenyewe bado ni kelele.

Sawa, nikamwambia.

Ijumaa iliyofuata alikuwa anajifunga leso kwenda kesha. Akasita mlangoni, akashika tumbo. "Hebu nionyeshe," akasema, "hiyo pumzi unaivuta vipi?"